Jumapili ya Nyimbo Nusu

Bel-Air, Jumapili jioni. Joto, vumbi jekundu mpaka kwenye meno, mbingu bila wingu hata la kusingizia.

Ninatangaza rasmi, kwa heshima zote zinazostahili, kwa wakaaji wa Bel-Air, kwa jirani zetu wa Hewa Bora, na kwa yeyote aliyekosa usingizi kwa ajili ya jambo hili: kiti kimerudi.

Ni kiti cha plastiki, chekundu, chenye mikono miwili na miguu minne, yote mizima. Kililetwa leo asubuhi na mtu wa baiskeli ambaye simjui. Alikifungua kamba, akakisimamisha mbele ya mlango wa Mama Véro, akasema, "Kiti yenu hii. Ilibakiaka Ruashi ku kilio," akapanda baiskeli na kwenda zake kabla sijamaliza kusema asante.

Nilikifuta vumbi. Nilikizunguka. Ningeweza kukipindua nikague chini, lakini mtu aliyetoka safari ndefu humpekui mlangoni. Nimeona askofu akipokelewa kwa sherehe ndogo kuliko hiyo.

Shajara, wewe mambo haya unayajua. Ila siku hizi kuna watu wanaokusoma juu ya bega langu, na kwa ajili yao itabidi nirudi nyuma kidogo.

Kabla ya Corona tulikuwa na kitu tulichokiita Nyuzi za Jumapili. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, alasiri, tulikusanyika kwenye lupango wa Papa Édouard na mke wake Mama Véro. Lupango ni uwanja wa nyumba na ukuta wake. Mjini hapa ukiwa na lupango una nchi. Humo watu walipiga muziki wa wazee wetu: gitaa kavu, likembe ya kupigwa kwa vidole gumba, na karindula, ile banjo kubwa ya kwetu ambayo tumbo lake ni pipa la mafuta na uso wake ni ngozi ya mbuzi. Hakuna kipaza sauti, hakuna tiketi, hakuna wa kulipwa. Wapigaji walikula bukari, ugali wetu, na kunywa munkoyo wa Mama Véro, ule wa mahindi, mtamu siku ya kwanza na mkorofi siku ya tatu. Sisi wengine tulifagia, tulibeba, tuliwaambia watu wazima wanyamaze.

Kila aliyefagia alikuwa na cheo, maana hapa kwetu mtu hashiki ufagio bila cheo. Mimi ni mshona nguo. Elimu yangu kubwa niliipata kwenye magazeti ya kufungia karanga, na ndiyo sababu mambo mengi ninayoyajua hayana mwisho, kwa kuwa ukurasa ulichanika. Kwenye Nyuzi nilikuwa Mkuu wa Itifaki. Itifaki maana yake ni kupanga viti.

Halafu ugonjwa ukaja. Tukafunga kwa wiki mbili, tulivyosema.

Papa Édouard alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuondoka. Wakati ule maiti ilipita moja kwa moja kutoka hospitali kwenda kaburini, na watu wachache tu waliruhusiwa kuingia. Hakukuwa na kilio, hakukuwa na mahema barabarani, hakuna aliyelala chini nyumbani kwa wafiwa. Mtu aliyekusanya mtaa mzima kila mwezi akazikwa kama kifurushi.

Viti vyetu navyo vikaanza maisha yao. Misiba iliporuhusiwa tena, kila mtaa ulikuwa na wafu wa kulilia kwa kuchelewa, na kila mtaa ulijua nani ana viti. Vilikwenda kwenye kilio kimoja, kutoka hapo vikaenda kingine, bila kupita nyumbani kubadilisha nguo. Nadhani viti vyetu vimesikia mahubiri mengi kuliko mimi.

Viti, basi, ningevimudu. Kilichotushinda ni matanga.

Ukoo wa Papa Édouard ni watu wa kaskazini, upande wa Kongolo. Baba yao alishuka huku kufanya kazi ya reli. Kwao matanga hayafi yenyewe kama moto wa makaa. Lazima wakubwa wa ukoo waje, wakae, waseme maneno yao, wamvue mjane nguo nyeusi na kumvika nguo ya rangi. Mpaka hapo, mjane ni mjane, na ndani ya lupango wake haupigwi muziki. Wakubwa walisema watakuja. Kwanza njia zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa. Kisha treni ikakaa. Kisha treni ikatembea, lakini mmoja wa hao wakubwa akafa, na wengine wakawa na matanga yao. Kisha treni ikakaa tena.

Na Mama Véro akabaki ndani ya nguo nyeusi.

Ninazungumzia nguo ile kama mtu wa kazi. Mimi ndiye niliyeishona, kwa haraka, usiku wa siku ile mbaya. Nguo ya matanga haishonwi kwa kudumu. Hii nimeigeuza kola, nimeitia viraka kwapani, nimeibadilisha mikono yote. Weusi wake umeondoka zamani. Sasa ina rangi ya chai iliyosahauliwa. Kuna siku nilijiuliza ni kipande gani cha nguo ya kwanza ambacho bado kimo, nikakuta ni kifungo kimoja.

Wiki iliyopita nilikuwa ninashona kiraka kingine, naye Mama Véro amekaa mbele yangu na kitenge begani akisubiri nguo yake, akaniambia kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya chumvi:

"Régine, mvua ikianza, minaenda kwa mutoto wangu Kolwezi. Lupango nitamuachia Kambale. Atatia paa, atafanya depo."

"Na Nyuzi, Mama?"

"Nyuzi ya nini? Minaikala mu nyumba yenye kunyamaza. Kunyamaza, hata Kolwezi naweza kunyamaza."

Nilijidunga sindano, nikasingizia miwani.

Msomaji mpya anahitaji kujua jambo moja zaidi. Mama Véro hakuwa mwenye nyumba tu. Alikuwa sauti. Papa Édouard aliimba kama mtu anayekutafuta gizani, naye mkewe alimjibu kutoka mlango wa jikoni, mwiko mkononi, bila hata kusogea mbele ya watu. Tangu azikwe mumewe, sijamsikia hata akiita kuku.

Niliondoka hapo nikaenda moja kwa moja kwa Kambale, nikiwa na matusi tayari mdomoni. Kambale ni mfanyabiashara wa jumla, mtu wa Butembo, mlokole. Hanywi, hachezi, lakini kabla ya ugonjwa hakukosa Jumapili hata moja, akisema anakuja kulinda usafi wa mioyo yetu. Kwenye Nyuzi cheo chake ni Mkuu wa Usafirishaji kwa sababu ana lori. Wakati wa Corona, malori yalipokwama mpakani, alimwomba Mama Véro amwekee mifuko michache ya maharage kwenye kibanda chetu cha vyombo, kwa muda. Ule muda bado unaendelea.

"Kambale, unataka kula lupango ya mujane?"

"Ma Régine, pole pole. Miye nataka depo, ndiyo. Mais haina hii. Hii nikitia paa, kila mutu wa Bel-Air ataniangalia vibaya mupaka siku ya hukumu, na miye niko na mambo mengine ya kujibu kule."

Kumbe lupango huu hakuutaka; matusi yangu yalibaki bila kazi. Tukaamua kwenda kumwomba Ba Ignace ruhusa.

Ba Ignace, tunavyomwita kwa heshima, ni mdogo wa Papa Édouard, na ndiye mkubwa pekee wa ukoo aliye mjini. Anakaa Hewa Bora. Maisha yake yote alikuwa karani wa komini, yaani manispaa, na ingawa amestaafu, bado anakusikiliza kana kwamba umesahau kuleta nakala ya pili. Tulikwenda watatu: mimi, Kambale, na Mwepu anayepiga karindula, fundi wa baiskeli mwenye vidole kama spana na aibu ya msichana.

Tulikuwa tumepanga Mwepu aanze, kwa kuwa ana huzuni ya asili.

"Ba Ignace," akasema Mwepu, "ngozi ya karindula, panya banaikula."

"Panya haina mu matanga," akajibu Ba Ignace.

Ukutani kulikuwa na picha ya Papa Édouard akiwa kijana, gitaa kifuani, utepe mweusi kwenye pembe.

"Tunalomba tu kutosha vyombo inje, mukubwa," akasema Kambale. "Jua ipige. Halafu kuangalia kama bado inalia."

Ba Ignace alifikiri sana. Niliuona mhuri ukitembea kichwani mwake ukitafuta mahali pa kutua.

"Mutoshe inje," akasema. "Mujaribu. Kujaribu chombo haina muziki."

"Kujaribu mupaka wapi?" nikauliza. Mshona nguo hupenda kujua kipimo.

"Lwimbo hata moya isiishe. Lwimbo yenye haijaisha, haijakuwa lwimbo. Ni majaribio."

"Na bantu bakikuya kuangalia majaribio?"

"Barabara ni ya kila mutu." Kisha akanyoosha kidole. "Mais nitakuwa ku mulango, miye mwenyewe. Nikisikia moya inaisha, munafunga yote."

Ningependa kuandika kwamba ni mtu mgumu, shajara, ingenirahisishia ukurasa. Lakini alipotusindikiza mpaka nje, alimshika Mwepu mkono na hakumwachia.

"Siku ile balinikatalia kuingia," akasema. "Nilisimama inje ya ukuta wa makaburi, niliona tu mutuka inaingia na mutuka inatoka. Sikutupa hata udongo. Munanisikia? Hata mukono moya ya udongo. Sasa munataka na hii ya matanga niiache vile vile?"

Tulirudi Bel-Air kwa miguu.

Ndivyo ilivyotangazwa asubuhi ya leo baada ya misa, na katekista ambaye hakuelewa alichokuwa anakisoma, kwamba alasiri kutakuwa na majaribio ya vyombo vya muziki kwa Mama Véro, na kwamba waumini wenye nia njema wanaweza kupita nao wajaribiwe.

Walipita wote.

Sikutarajia. Nilidhani watu wametusahau, au wamezoea simu zao. Walikuja wazee wa reli na kofia zao, walikuja wamama wa kwaya, walikuja vijana ambao mara ya mwisho walikuwa hawajaota ndevu. Walisimama mlangoni kwanza, wakichungulia, kama watu wanaorudi kwenye nyumba waliyohama. Wengine walihesabiana kwa macho. Kila mmoja alikuwa na mtu wa kumtafuta ambaye hakumwona. Halafu mtu akasema, "Sasa tunaikala wapi?" na mimi nikakumbuka cheo changu.

Kulikuwa na kiti kimoja.

Itifaki ngumu kama hii sijawahi kuipata. Kiti kimoja chekundu katikati ya lupango, na watu wote wakikitazama kwa heshima. Nikakichukua, nikakipeleka mlangoni, nikampa Ba Ignace. Alikaa, akageuza mgongo kwetu, uso barabarani, ili ionekane wazi kwamba yeye hasikilizi, analinda. Waliobaki niliwapangia juu ya mifuko ya maharage ya Kambale, ambayo vijana waliitoa kibandani ili kufikia vyombo. Kambale alizunguka kati yao akiteseka.

"Bamama, musiikale sana! Maharage itapata joto, itaota!"

"Iote, tutavuna," akajibiwa na mama mmoja mpana, akijiweka sawa.

Mwepu aliwasha makala kwenye mbabula, lile jiko letu la makaa, akasogeza karindula karibu na moto, ngozi ikaanza kujikaza. Panya walikuwa wamekula kwenye ukingo tu. Nadhani hata wao huogopa katikati. Akaigonga kwa kiganja. Ikatoa ule mlio wa chini unaousikia tumboni kabla ya masikioni.

Uwanja wote ukavuta pumzi.

Na majaribio yakaanza.

Sijui nieleze vipi alasiri ya nyimbo nusu. Wimbo unaanza, watu wanaujua, mabega yanaanza kutembea, kiitikio kinakaribia, mdomo unafunguka, na palepale mpigaji anainua mkono. Kimya. Mnabaki na midomo wazi kama samaki sokoni. Kuna mzee aliyenyanyua mguu kucheza na ikabidi aushushe bila sababu. Mama mmoja alilalamika kwamba alivaa viatu vya visigino kwa ajili ya nusu ya furaha. Bwana mmoja wa likembe alikuwa na wimbo mfupi kiasi kwamba nusu yake ilikuwa kukohoa na kukaa vizuri.

Kukazuka na mgogoro wa kisheria. Mwepu alidai nyimbo za karindula hazina mwisho hata kidogo, mtu hupiga mpaka apate kiu, sasa nusu yake iko wapi? Hoja ikapelekwa mlangoni. Ba Ignace, bila kugeuka, akaamua: "Ukisikia kiu, acha mbele ya kukunywa."

Nilicheka, lakini nilikuwa ninaangalia jikoni. Mama Véro alikuwa ndani, ameupa uwanja kisogo, akisonga bukari kwa nguvu ambazo bukari haikuzihitaji. Kila wimbo ulipokatwa, mwiko wake nao ulisimama. Kisha uliendelea. Nikajisemea, Régine, umefanya nini? Umemletea mwanamke huyu njaa mlangoni. Kimya cha miaka alikuwa amekizoea. Sasa umemletea kimya kinachoanza upya kila baada ya dakika chache.

Nilianza kufikiri kwamba heri tungefunga.

Jua lilikuwa limeshuka usawa wa ukuta Mwepu alipoanza wimbo wa Papa Édouard. Aliniapia baadaye kwamba hakukusudia, vidole vilijiendea. Ninamwamini. Mtu mwenye aibu kiasi kile hawezi kukusudia.

Wimbo huo Papa Édouard aliutunga mwenyewe, juu ya mfanyakazi wa reli anayerudi nyumbani baada ya siku nyingi na kukuta mlango umefungwa. Mke yuko ndani, anapika. Mtu anabisha. Mke anauliza, "Nani iko ku mulango?" Kumbe ni mvua. Anabisha tena, ni jirani anataka chumvi. Anabisha tena, ni katekista. Kila ubeti ni mgeni mwingine asiye yule anayengojewa, na watu walicheka kila ubeti, mpaka wa mwisho, anapouliza kwa uchovu, na Papa Édouard anajibu kwa maneno matatu yaliyomaliza wimbo na kila mara yalimaliza Jumapili yetu: "Njo miye. Fungula." Yaani, ndimi huyu, fungua.

Sehemu ya mke iliimbwa na Mama Véro, kutoka mlango wa jikoni.

Leo Mwepu aliimba mwenyewe wageni wote, na mahali pa sauti ya mke aliacha karindula izungumze. Ikaja mvua. Ikaja chumvi. Akaja katekista. Watu walicheka, lakini kicheko cha chini, cha watu wanaotembea kuelekea shimo wanalolijua. Ubeti wa mwisho ukafika. Mwepu akapiga ule uzi wa swali, akainua mkono, akaacha, kama sheria ilivyotaka.

Yule mtu wa reli akabaki nje.

Makala yalikuwa yanalia kidogo kwenye mbabula. Nikasikia mlango wa jikoni nyuma yangu, na Mama Véro akatoka na ndoo ya munkoyo mkononi, ndani ya nguo ile ya rangi ya chai, akasimama palepale alipokuwa akisimama zamani. Alitazama upande wa mlango wa barabara. Sidhani alituona sisi. Na hakuimba, nitaapa mahakamani kwamba hakuimba. Aliuliza tu, kama mtu anavyouliza nyumbani kwake:

"Nani iko ku mulango?"

Mgongo wa Ba Ignace ulikuwa umenyooka kama ukuta. Niliona shingo yake. Niliona mkono wake ukishika mkono wa kile kiti chekundu. Tulingoja akasirike, asimame, afunge yote.

"Njo miye," akasema, bila kugeuka.

Sauti ilikuwa ya kaka yake. Miaka yote hii sikuwahi kutambua kwamba wana sauti moja. Mmoja aliitumia kuimba na mwingine kuuliza vitambulisho.

Kisha, polepole zaidi:

"Fungula."

Mwepu, maskini, hakuwa na la kufanya. Vidole vilijiendea tena, vikapiga mshindo wa mwisho, ule unaofunga wimbo kama komeo. Na wimbo ukaisha. Ukaisha wote, mbele ya mashahidi, ndani ya lupango wa matanga.

Ba Ignace akasimama. Akageuka. Uso wake ulikuwa umelowa, lakini sauti ilikuwa imesharudi ofisini.

"Miye sikuimba," akatuambia. "Baliniuliza swali, nilijibu."

"Iko sawa kabisa, mukubwa," akasema Kambale haraka. "Kuulizwa na kunyamaza, njo ingekuwa zambi."

Na Mama Véro akacheka. Hakikuwa kicheko kikubwa. Kilitoka kimekunjamana, kama nguo iliyokaa sana chini ya sanduku, na katikati yake akaanza kulia, na ndoo ikainama, munkoyo ukamwagika miguuni mwake, na wamama wa kwaya wakamfikia kabla yangu. Walilia wote pamoja pale jikoni. Wazee wa reli walivua kofia. Ndipo nikaelewa tulichokuwa tunakifanya: kilikuwa kile kilio tulichonyimwa, kimefika kwa kuchelewa, kikiwa kimekalia maharage.

Walipotulia walikula. Waliobaki waliomba nyimbo zao zimaliziwe, moja moja, kwa kuwa hakuna anayeweza kwenda kulala na nyimbo nusu tumboni. Ba Ignace hakupiga marufuku. Alikuwa na sahani ya bukari na sombe ya majani ya muhogo mapajani na hakuweza kufanya kazi mbili.

Watu walipoanza kuondoka, na vijana wakirudisha mifuko kibandani, Ba Ignace aliniita pembeni.

"We Régine. Unashonaka nguo, haina vile?"

Nimemshonea suruali mbili. "Ndiyo, Ba Ignace."

"Umupime shemeki yangu. Kikwembe ya rangi nitaleta miye. Jumapili ya mwisho wa mwezi unaokuja nitamuvalisha, hapa, mbele ya bantu."

"Na bakubwa ba Kongolo?"

Aliangalia barabara, upande treni inakotokea inapotokea.

"Nitabaambia ku telefone matanga ilitoka. Bakikatala, bapande treni, bakuye bairudishe."

Nilimpima Mama Véro jikoni, jioni hii hii, kabla yeyote hajabadili mawazo. Amekonda sana kiunoni. Alisimama amenyoosha mikono kama mtoto anayevishwa kwa sikukuu, na hakusema lolote juu ya Kolwezi. Mimi sikuuliza. Ila nilipokuwa ninapita na futi mgongoni mwake, alimwita Kambale kutoka dirishani, na hilo lilikuwa jina la kwanza kumsikia akiliita kwa sauti kubwa tangu msiba.

"Kambale! Ile mifuko yako itatoka siku gani? Nitataka kibanda ya kuweka viti."

"Viti gani, Mama? Iko kiti moya!"

"Njo hiyo moya. Itoke mifuko."

Sasa niko kwangu, futi bado iko shingoni, na vumbi la lupango kwenye viatu. Je, tumeanza tena? Sijui Nyuzi za Jumapili zitafungua vipi mwezi ujao, na ngozi iliyotafunwa, na wasikilizaji wanaokalia chakula cha watu, na Mkuu wa Itifaki asiye na cha kupanga. Lakini nilijiambia: tunacho kimoja. Kilikwenda mbali, kilihudhuria misiba ya watu, kikarudi chenyewe siku ileile tuliyokihitaji, kikambeba Ba Ignace mpaka alipoweza kujibu. Mtu mwingine angeona humo mkono wa Mungu, nami nilikuwa karibu.

Kwa hiyo kabla ya kuondoka nilikichukua mwenyewe kukiweka kibandani, kwa heshima, mahali pa mbele. Nikakipindua kukung'uta vumbi.

Chini, kwa rangi nyeupe, pameandikwa jina la kwaya moja ya Ruashi. Kiti si chetu.